Kisanduku Kilichomjua Mama

Mama yangu, Bi Waride, alikuwa na sauti ya kukera. Nasema hivyo mimi, Biasha, mwanawe, niliyeishi na sauti hiyo sikioni tangu nazaliwa. Akiuliza chumvi iko wapi, jirani wa nyumba ya tatu analeta chumvi. Msibani walimwomba anong'one, naye akinong'ona, wanaume walioko barazani wanasikia siri zote za wanawake. Mimi nilikuwa nikimwonea haya. Lakini bondeni kwetu hapakuwa na mtu aliyelala bila wasiwasi ila kwa ajili ya sauti hiyo.

Kijiji chetu kiko juu, upande wa barabara ya Kibiti, na mashamba ya mpunga yako chini, kando ya mto Rufiji. Mpunga ukianza kuchanua tunahama. Kila nyumba ina dungu lake shambani, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu, na humo tunapika, tunalea watoto, tunafukuza ndege na nguruwe mpaka siku ya kuvuna. Maji yakipanda kiasi yanapita chini ya sakafu, nasi tunaendelea kumenya muhogo. Hayo tunayataka, maana bila hayo mpunga hakuna. Tunachoogopa ni maji makubwa, yale yanayong'oa dungu pamoja na miti yake. Na ukiwa katikati ya mpunga na matete yaliyokupita kimo, huna njia ya kujua ni yapi yanayokuja.

Kujua ilikuwa kazi ya mama, kama ilivyokuwa kazi ya bibi. Alisimama kwenye mwinuko panapoonekana kona ya mto, akatazama rangi ya maji na magogo yanayopita, kisha akaita: "Wa bondeniii! Maji makubwaaa! Pandeniii!" Dungu la kwanza linaitikia, wanawake "Abee!", wanaume "Naam!", na aliyeitikia lazima ampigie kelele jirani aliye mbele yake, naye ampigie wa mbele, hivyo hivyo mpaka dungu la mwisho, la mzee Nassibu. Kuitika tu na kunyamaza lilikuwa jambo la aibu. Msimu mzima hatukuonana nyuso. Tulijuana kwa sauti, na sauti ya mama haikuwahi kutudanganya hata mara moja.

Basi miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, akatujia Abdulkarimu.

Alikuwa kijana wa Kibiti, mtoto wa watu, wazee wake wafanyabiashara wa siku nyingi. Alisomeshwa Dar es Salaam, akarudi na suruali iliyonyooshwa, ameajiriwa na mradi mmoja wa pamba uliokuwa ukiongozwa na Mzungu. Alikuja na landrova yenye tarumbeta la bati la kupazia sauti juu yake, na ndani mna kisanduku chenye magurudumu mawili na utepe wa kahawia unaotoka gurudumu hili kwenda lile. Kisanduku kile kilikuwa kikinasa sauti ya mtu na kuirudisha. Siku ya kwanza alikifungulia barazani kwa Ladha, mwenye duka. Alimrekodi Ladha akibishana juu ya bei ya khanga, akamsikilizisha. Ladha akakasirika kabisa, akasema yeye hana ubahili wa namna ile.

Nilicheka siku ile. Sitamnyima Abdulkarimu haki yake, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu, alimwamkia mama kwa mikono miwili, na alichosema kilikuwa na maana.

"Shikamoo, Bi Waride. Nimesikia habari zako mpaka Utete. Lakini mama yangu, weye ni mmoja. Ukiumwa je? Na kule Maparoni, wanakokata mikoko na kulima mpunga, nani anawaita? Sauti yako nikiinasa humu, itafika popote gari linapofika, na panapoishia gari tutaipakia mtumbwini."

Maparoni alikuwako mume wangu, Sadala, akikata boriti za mikoko. Kule watu walikuwa wakichukuliwa na maji hivi hivi, hakuna wa kuwaambia. Niliposikia jina la Maparoni moyo wangu ukamfungukia yule kijana, na mimi ndiye niliyemwambia mama, "Mpe basi sauti, kwani itapungua?"

Mama alipoisikia sauti yake kwa mara ya kwanza alishika kifua. "Ndiyo miye huyo?" Halafu akatabasamu, na tangu hapo hakushikika. Alivaa khanga mpya ili aongee na kisanduku. Abdulkarimu hakutaka wito peke yake, alitaka kila kitu. Alimnasa akiimba, akisimulia, akinigombeza mimi, akimbembeleza mtoto wangu, akipatana bei ya samaki. Siku baada ya siku. Nikamuuliza bei ya samaki itawasaidia nini watu wa Maparoni.

"Kadiri anavyosema ndivyo kisanduku kinavyomjua, dada Biasha," alinijibu. "Siku moja nikihitaji neno, nitalikuta humu humu."

Sikulipenda jibu lile. Sikujua kwa nini, ila nilikosa raha. Nilikuwa nikimwona jioni amekaa nyuma ya gari na kiwembe na gundi, anakata utepe vipande vipande, anaunga kipande na kipande, anasikiliza, anakata tena. Mama alisema ni ufundi kama wa fundi cherehani, niache husuda.

Mwaka ule ule maji makubwa yalikuja mama akiwa kitandani na homa, hata kukaa hawezi. Nilikuwa dunguni na mtoto. Nikaisikia sauti yake, nzito, safi, pana kuliko siku zote: "Wa bondeniii!" Nikaitikia, nikambeba mtoto, nikakimbia. Bonde zima lilipanda. Juu kijijini nikamkuta mama amelala vile vile, jasho linamtoka, na nje ya nyumba landrova inaita kwa kinywa chake. Abdulkarimu alikuwa ametumiwa habari kutoka Utete kuwa mto umechafuka, akaendesha gari mpaka hapo bila kula. Hatukupoteza mtu. Mzee Nassibu, mbishi wa kupindukia, alimpa Abdulkarimu jogoo.

Kwa hiyo msinisikie mkadhani sioni wema wa kile kisanduku. Mimi na mwanangu tu hai kwa sababu yake.

Lakini tarumbeta lile lilifika kila dungu kwa mpigo mmoja. Hapakuwa na haja ya kumpigia jirani. Hapakuwa na haja hata ya kuitika, maana unaitikia nini, bati? Msimu uliofuata tuliacha. Hakuna aliyeamua, tuliacha tu. Nilikaa siku nzima bila kusikia jirani yangu Mfaume akiniuliza kama niko mzima, na nikajiambia kwamba ndiyo mambo ya kisasa.

Kisha ikaja ile siku ya jua.

Mpunga ulikuwa umeiva nusu. Mama alikuja dunguni kwangu kunisaidia kufukuza ndege, tumekaa tunakula muhogo, mashavu yamemjaa. Na hapo hapo, kutoka juu, mama akaita. "Wa bondeniii! Maji makubwaaa! Pandeniii!"

Nilimtazama mdomo. Mdomo ulikuwa na muhogo.

"Sijaita," alisema. Alitema muhogo, akasimama. "Biasha, miye sijaita!"

Chini yetu mpunga ulikuwa ukitikisika, watu wanakimbia. Mama akainama ukingoni mwa dungu, akapiga kelele kwamba warudi, hakuna maji, yeye yuko hapa. Wachache walisimama, wakasikiliza. Sauti mbili za Waride, moja inasema pandeni, nyingine inasema rudini. Ungekuwa wewe ungefuata ipi? Walifuata iliyo kubwa, nasi tukawafuata kuona ni nani aliyeita.

Juu kijijini hapakuwa na maji wala habari ya maji. Palikuwa na meza, na magunia ya mbegu za pamba, na yule Mzungu wa mradi amevaa kofia. Alikuwa ameitisha mkutano mara nyingi, watu hawaji, wana mpunga wao. Sasa tumekuja wote, tunahema, wengine na watoto mgongoni. Na tarumbeta likaendelea, kwa sauti ya mama, taratibu, kwa ile sauti aliyokuwa akimbembelezea mwanangu: "Wanangu, acheni mpunga. Limeni pamba. Pamba ndiyo mali."

Mama alifika mwisho, anachechemea. Akaisikia. Sijawahi kumwona mtu akitazama kitu namna ile.

"Nimesema lini maneno haya?" alimuuliza Abdulkarimu.

Kijana aliinamisha kichwa. "Kila neno ni lako, Bi Waride. Hakuna hata moja nililolitia. Miye nimeyapanga tu. Bwana mkubwa alitaka watu waje, akasema ni kwa faida yao wenyewe. Na pamba kweli ina faida, mama."

"Na maji makubwa?"

Aligeukia gari, akalizima tarumbeta.

Tuliporudi bondeni nguruwe walikuwa wameshapita. Sehemu nzima ya shamba la Mfaume ilikuwa imelazwa na kukanyagwa, na juu yake ndege. Mfaume hakumlaumu Mzungu, wala Abdulkarimu. Mzungu alikuwa mbali na Abdulkarimu alikuwa na gari. Alikuja chini ya dungu langu, akamwita mama kwa jina tupu, bila Bi.

"Waride! Sukari ya mradi tamu, eh? Umeila na nani?"

Mama akaapa. Akaapa kwa Mungu na kwa kaburi la bibi. Mfaume akasema kiapo hicho nacho huenda kimeshanaswa, kesho tutakisikia kwenye tarumbeta kikiuza sabuni. Watu wakacheka. Mimi nilitamani kumrushia mwiko, na nilimrushia, haukumpata.

Tangu hapo mama aliishi kwa mashaka. Alikuwa akiniambia neno, kisha ananitazama usoni kuona kama nimesadiki. Alipita dunguni kwa watu kueleza, na kadiri anavyoeleza ndivyo walivyozidi kumwona mwongo. Kila siku alisimama pale kwenye mwinuko akitazama kona ya mto, mtu ambaye hakuna anayemngoja. Nikamwambia aache. Akaniuliza, "Yakija nimwambie nani, kisanduku?" Usiku na mchana sikutulia. Nilijua maji yatakuja tu, na nilijua kwamba siku hiyo mama ataita na watu hawatapanda.

Yalikuja mwishoni mwa masika, mpunga umebakiza kidogo tu kukatwa. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari la Abdulkarimu limezama tope huko huko Kibiti. Asubuhi palikuwa na mawingu tu. Maji yalikuwa yamefika chini ya dungu, maji ya kawaida, yametulia, nikaona samaki wanapita. Ndipo nikasikia, mbali, "Wa bondeniii!"

Nilisimama. Mtoto alikuwa akichezea kijiko.

"Maji makubwaaa!"

"Mfaume!" niliita. "Unasikia?"

"Nasikia," alijibu kutoka ndani ya mpunga wake, kwa uvivu. "Leo wanagawa nini?"

"Gari halijafika, barabara imekatika!"

"Nani kakwambia? Sikiliza vizuri, bibi weye. Hiyo siyo hata sauti ya Waride. Ya Waride ni safi. Hiyo inakwaruza. Mashine yenyewe imeharibika."

Nikasikiliza. Na kweli, Mungu anisamehe, haikuwa ya mama. Ya mama niliijua, nilikuwa nimeisikia kwenye tarumbeta miaka miwili, pana, haina doa. Hii ilikuwa ya mwanamke mzee. Ilikatika katikati ya neno, ikaanza tena chini zaidi. "Pande... pandeniii!" Halafu kikohozi.

Nilimshika mtoto, nikamwachia, nikamshika tena. Nikipanda, na nguruwe waingie, tutakula nini? Sadala atarudi akute nini? Nisipopanda? Chini ya sakafu maji yalikuwa yamebadilika rangi, au nilidhani yamebadilika. Sikuweza tena kujua ninaona nini na ninaogopa nini.

Basi nikafanya jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kwa msimu mzima. Nikavuta pumzi, nikaitikia. "Abeee mamaaa!"

Kisha, "Biashaaa!" Na mara ya pili "Biasha", dhaifu kuliko ya kwanza. Na ya tatu dhaifu kuliko ya pili, imepasuka, karibu haisikiki, lakini bado inaita. Ndipo nilipoelewa. Kile kisanduku kingeweza kuita mpaka kiama, kikaita vile vile. Hiki kilichokuwa kikiita kilikuwa kikichoka. Mama yangu alikuwa amesimama kule juu tangu alfajiri akiita, na koo lake lilikuwa likiisha, na sisi tulikuwa tumekaa tunachambua kama sauti yake inafanana na ya mashine.

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikashuka, maji yakanifika kiunoni. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. "Mfaume! Ni mama! Ni yeye mwenyewe, maji makubwa, panda!"

"Biasha?"

"Miye sijaingia kwenye kisanduku cha mtu! Panda, na mpigie wa mbele!"

Mfaume alikuwa mjinga wa maneno lakini si mjinga wa masikio. Nikasikia mtumbwi wake ukigonga nguzo, halafu sauti yake, "Wa mbele! Maji makubwa! Mpigie wa mbele yako!" Na yule wa mbele akapiga, na wa mbele yake, kwa kigugumizi, kama watu wanaokumbuka wimbo. Alitupakia mtumbwini mimi na mtoto, akapiga kasia bila kunitazama.

Wito ulifika kwa mzee Nassibu. Jirani yake wa karibu ndiye aliyetueleza. Alimwita, akamwita tena. Nassibu alijibu kwa kicheko kwamba wamwambie Abdulkarimu leo hana nafasi ya mbegu, na jogoo wake amrudishie. Maji yalipofika kwake kwa nguvu, jirani alikuwa ameshafika mwinuko na hakuna mtumbwi ambao ungeweza kurudi. Tulilizika kasia lake tu, kando ya kaburi la mkewe, kwa sababu yeye mwenyewe hatukumpata.

Mama nilimkuta amekaa chini kwenye tope, ameshika shingo kwa mikono miwili. Alifungua mdomo anisemeshe, ukatoka upepo. Tulimpa asali, tukampa tangawizi, tukampeleka Utete hospitali wakamchungulia. Sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono ambao ilibidi uinamishe sikio ili uusikie, mama yangu, ambaye msibani aliombwa apunguze.

Barabara ilipokauka Abdulkarimu alikuja, peke yake, bila Mzungu. Alikuwa amekonda. Alikaa ukingoni mwa mkeka, akalia kwa ajili ya mzee Nassibu, na sikuona kwamba analia kwa uongo. Kisha akapangusa uso akanigeukia mimi.

"Dada Biasha, sauti yako wanaisadiki. Nipe wito tu, hakuna kingine. Mtu wa Maparoni atapona. Mumeo yuko kule."

"Na mzee Nassibu angepona?"

"Gari lingekuwepo angesikia."

"Alisikia, Abdulkarimu. Alisikia akacheka. Umempa sababu ya kucheka."

Lakini Sadala kweli alikuwa kule, na sikujua nimpe wito au nimnyime. Hata leo sijui. Mama ndiye aliyenivuta khanga. Niliinama.

"Mwambie alete kile changu," alininong'oneza. "Akifute. Mbele yangu."

Abdulkarimu alikileta kisanduku kutoka garini, akakiweka kwenye mkeka. Akasema utepe wote uko humo, hana mwingine, na akishaupitisha kwa namna fulani hautakuwa na kitu. Aliuliza kama tuko tayari. Nikamwambia ngoja, kwanza aufungulie, mara moja tu. Sikumwambia kwa nini. Tangu gharika nilikuwa nikijaribu kuikumbuka sauti ya mama na ilikuwa ikinikimbia.

Magurudumu yakazunguka. Akaimba. Akapatana bei ya samaki, akamtukana muuzaji, Abdulkarimu akatabasamu bila kutaka. Akambembeleza mwanangu. Nyumba ikajaa mama, mzima, mwenye nguvu, wa kukera. Halafu, kwa kishindo kilichowatoa kuku uani:

"Biashaaa! We Biasha!"

"Abee mama!" niliitikia. Nilikuwa nimeshasimama, nimeshapiga hatua moja kuelekea kwenye kisanduku, kabla sijajua ninafanya nini.

Mama alikuwa amekaa upande wangu wa kushoto. Alinitazama, akaona nilikoelekea. Alinishika mkono akanikalisha pale pale karibu naye, asiuachie. Kisha akamtazama Abdulkarimu, akasogeza midomo, na safari hii wala sikuhitaji kuinama ili nimsikie.

"Futa," alisema.

Abdulkarimu akafuta. Utepe ulipita wote, kimya, tukakaa tukiutazama mpaka ulipoisha.